Namba Tuliyoisugua Wenyewe

Sanduku liliingia karakana ya mjomba pale Themi, Arusha, Jumamosi moja asubuhi, limefungwa kwa mpira wa tyubu nyuma ya bodaboda. Lilikuwa la mbao, kifuniko kimeliwa na mchwa upande mmoja, na ndani yake vitu vimeviringishwa vitambaa vilivyokauka kwa mafuta ya zamani. Mzee aliyelileta alitoka Usa River. Baba yake alikuwa mtunza stoo wa mlowezi wa kahawa, na mlowezi yule alipofunga virago kurudi kwao, vilivyokuwa stoo vilibaki mikononi mwa aliyekuwa akivitunza.

"Shikamoo, mzee," mjomba alimwamkia, huku akifuta mikono.

"Marahaba, fundi. Nimeambiwa wewe unafungua saa."

"Saa nafungua. Hizi ni saa?"

"Za ndege. Ile iliyoanguka vita vya Wajerumani."

Tukatoa kimoja kimoja. Geji saba za mviringo, nyeusi, kila moja inajaa kiganja. Gurudumu dogo la madini mepesi mno, limepasuka ukingoni. Na kipande cha bati la alumini, chenye ribiti na rangi ya kijani iliyopauka. Mjomba amezoea spidomita za magari ya watalii, saa za ukutani na mizani za dukani. Kitu kama hiki hakuwahi kukishika. Mimi ndiye niliyejifanya najua. Nilikuwa nimesoma kwamba Waingereza hununua kwa bei kubwa mabaki ya ndege zao za Vita Kuu ya Pili, na kwamba ndege wanayoipenda kuliko zote ni Spitfire. Nikamwambia mjomba, mbele ya mzee yule, "Hizi ni za Spitfire." Sikuwa na ushahidi wowote. Nalisema mapema kwa sababu mengine yote yalianzia hapo.

Mjomba akaona kwamba mali ya kumuuzia mzungu lazima ing'are. "Kizuri chajiuza," alisema, na kazi akampa kijana wake, ambaye sote tunamwita Dogo. Hajafika miaka ishirini, ana mkono mwepesi, na hulala chumba cha nyuma cha karakana. Dogo alichukua msasa mkavu akasugua migongo na kingo za geji nne mpaka rangi ya zamani ikaisha. Vibandiko vidogo alivibandua kwa bisibisi. Kisha akafungua vioo. Tarakimu na mishale ya ndani ilikuwa imepakwa kitu kinene cha rangi ya kahawia, kama uji wa ulezi ulioganda, na sehemu nyingine kimeanza kumeguka. Akakikwangua kwa ncha ya kisu ili apake rangi nyeupe mpya, na kila alipokwangua alipuliza vumbi kwa mdomo. Skrubu ndogo alizibana midomoni, kama wafanyavyo mafundi saa wote niliowahi kuwaona. Saa nne alikula maandazi juu ya meza ileile. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake, nampiga picha kwa simu, nafurahi.

Dereva mmoja wa watalii alinipa namba ya Mwingereza anayekarabati ndege za zamani. Nikamtumia picha. Jibu lilikuja usiku. Aliomba picha ya mgongo wa kila geji, mahali penye alama ya taji na namba. Nikampigia migongo inayong'aa kama sarafu mpya. Akauliza namba zilikuwa wapi. Nikamweleza kuwa tumesafisha. Swali lake la tatu ndilo lililonitoa usingizi: ile rangi iliyoko kwenye mishale na tarakimu, mmeigusa?

Nianze na namba, kwa maana ndiyo tuliyoililia kwanza, ingawa haikuwa ndiyo iliyostahili kuliliwa kwanza.

Geji tatu zilikuwa hazijaguswa. Chini ya taa tuliziona alama zake wazi. Kwenye mgongo palikuwa na taji dogo, na chini yake herufi A na M. Hizo ni herufi za Wizara ya Anga ya Uingereza. Wizara hiyo ilianza kazi mwaka 1918, ikavunjwa mwaka 1964 ilipomezwa na Wizara ya Ulinzi. Kwa hiyo chombo chenye alama hiyo hakiwezi kuwa kilianguka katika vita vya Wajerumani, yaani Vita Kuu ya Kwanza, huku kwetu, maana majeshi ya Uingereza yaliingia mji wa Arusha Machi 1916, wakati wizara yenyewe haijazaliwa. Baadhi ya ndege za kampeni ile zilikuwa za aina ya BE2c, zikirukia Mbuyuni, upande wa pili wa Taveta. Zilijengwa kwa mbao, nguo na waya. Ndege ya namna hiyo ikianguka kwenye mteremko wa Meru, mchwa na mvua huimaliza. Injini ndiyo itakayobaki, na hata hiyo huliwa na kutu. Mzee wa Usa River hakutudanganya. Alisema alichoambiwa na baba yake, na baba yake huenda alisikia neno "vita" tu, kila mtu akaichagua vita anayoijua.

Pembeni ya taji palikuwa na namba iliyoanza na 6A, kisha mkwaju, kisha tarakimu nyingine. Huo ndio ufunguo wa stoo za jeshi la anga la Uingereza. Kila fungu la vifaa lilipewa namba yake: 6A ni vipimo vya ndani ya ndege, 5C ni vifaa vya umeme, 10 ni mambo ya redio. Ukiona mfumo huo, umeshika kifaa cha zama za Vita Kuu ya Pili au miaka michache baada yake. Baadaye nchi za NATO zikakubaliana namba moja ndefu ya tarakimu 13, na humo tarakimu ya tano na ya sita hutaja nchi. Uingereza ni 99, Marekani ni 00 au 01. Mtu mwenye subira anaweza kusimama mbele ya lundo la vyuma chakavu kule Unga Limited na kwa alama hizi pekee akatenga cha Mwingereza na cha Mmarekani, cha mwaka 1943 na cha mwaka 1970. Hahitaji mashine. Anahitaji tochi, kitambaa laini na adabu ya kutosugua.

Lakini hapa ndipo Spitfire yangu ilipodondoka. Kabla tu ya vita, Waingereza waliamua ndege zao ziwe na ubao mmoja wa vipimo sita vilevile, vimepangwa vilevile: cha mwendo, cha upeo bandia, cha kupanda na kushuka, cha mwinuko, cha mwelekeo, na cha kugeuka na kuteleza. Nia ilikuwa rubani akihamishwa kutoka ndege hii kwenda ile, macho yake yajue pa kuangalia hata gizani. Kipima mwinuko cha Spitfire kinaweza kuwa ndugu wa tumbo moja na cha Hurricane, cha Lancaster au cha Mosquito. Namba ya 6A hukuambia chombo ni nini, haikuambii kilikaa ndege gani. Ukitaka jina la ndege, tafuta kipande cha mwili wake, maana viwanda viligonga namba za michoro yao kwenye vipuri: vipande vingi vya Spitfire huanza na 300, kwa kuwa ndivyo kiwanda cha Supermarine kilivyoiita ile ya kwanza, na vya Mosquito huanza na 98, kwa kuwa jina lake kiwandani lilikuwa DH98. Geji iliyo peke yake hutambulishwa na mambo yaliyoizunguka: ilitoka wapi, ilifungwa na nini, nani aliiandikia karatasi.

Na karatasi ilikuwepo. Nalikumbuka jambo hili kwa uchungu hadi leo. Geji moja ilikuwa imefungwa kwa uzi kikaratasi kigumu chenye maandishi ya wino yaliyofifia. Dogo aliuliza akitupe, nami nikamjibu, "Tupa, kimechafuka." Jumanne lori la taka likapita. Huenda kilitaja kikosi, huenda kilitaja kambi ya Eastleigh pale Nairobi ambako jeshi la anga la Uingereza lilikaa tangu mwaka 1940 na ambako vifaa vingi vya namna hii vilipita. Nilikitupa mimi, kwa neno langu.

Lile bati la kijani lilitambuliwa na jirani yetu, fundi wa Land Rover, ambaye hakuhitaji hata kuinama. "Hili ni la Series One," alisema. Nikambishia: alumini, ribiti, kijani cha kijeshi, hiyo ni ndege. Akanipeleka gerejini kwake akanionyesha ubavu wa gari bovu, na rangi ilikuwa ileile. Land Rover ilipotoka mwaka 1948, chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza, lakini alumini ya viwanda vya ndege ilikuwa imebaki tele, kwa hiyo wakajengea mwili wa gari. Hata rangi zake za kijani za mwanzo zilitokana na akiba ya rangi iliyokusudiwa kupakwa ndani ya ndege za kijeshi. Nati zake nazo zilikuwa za nyuzi za Kiingereza, zinazokataa spana za milimita. Katika mji kama Arusha, ambao umejaa Land Rover kuliko ndege, lazima mtu aanze kushuku Land Rover.

Gurudumu nalipitia haraka, ingawa nusura lituunguze. Msubu sufuria wa mtaa wa pili alitaka kulinunua kwa kilo akaliyeyushe pamoja na alumini nyingine. Magurudumu mengi ya ndege za Kiingereza yalisubiwa kwa aloi ya magnesiamu, nyepesi kuliko alumini. Magnesiamu ikishika moto huwaka mweupe wa kuumiza macho, na ukiimwagia maji unauchochea moto badala ya kuuzima. Mjomba alikataa kuliuza kwa sababu moja tu, lilikuwa jepesi kupita kiasi mkononi mwake. Mkono wa fundi ulijua kabla ya kichwa changu.

Sasa ile rangi.

Katika Vita Kuu ya Pili marubani waliruka usiku kwa taa hafifu au bila taa ndani, ili adui asiwaone na macho yao wenyewe yasizoee mwanga. Tarakimu zilipakwa mchanganyiko wa radiamu na zinki salfaidi. Radiamu hutoa mionzi mfululizo, mionzi huigonga zinki, nayo hutoa mwanga wa kijani hafifu. Baada ya miaka kadhaa zinki huchoka. Rangi hugeuka kahawia, mwanga hupotea, na anayeitazama hudhani imekufa. Radiamu yenyewe haijachoka hata kidogo: inahitaji takriban miaka 1600 ili nusu yake tu iishe. Kati ya kila sehemu 100 zilizopakwa mwaka 1943, sehemu 96 na ushei bado zipo leo. Geji isiyong'aa gizani ni hatari sawasawa na ile iliyong'aa, tena imepoteza kitu kimoja kilichokuwa kikitoa onyo.

Ikiwa imefungwa chini ya kioo kizima na kuwekwa mbali, madhara yake ni madogo. Kioo na hewa huzuia sehemu kubwa ya mionzi ile. Hatari huanza rangi ikigeuka vumbi. Ukilivuta au kulimeza, mwili huidhania radiamu kuwa chokaa ya mifupa, huipokea na kuihifadhi mifupani, nayo hukaa humo ikiunguza kidogo kidogo kwa miaka. Ulimwengu ulijifunza hili kupitia wasichana wa kiwanda cha Orange, jimbo la New Jersey, Marekani, waliopaka radiamu kwenye saa kuanzia mwaka 1917. Walifundishwa kuichonga ncha ya brashi kwa midomo. Taya zao zilioza, mifupa ikavunjika, wengi wakafa wakiwa vijana. Nilipokuwa nikiyasoma haya usiku ule, niliziona zile skrubu midomoni mwa Dogo, na vumbi alilokuwa akilipuliza karibu na maandazi.

Asubuhi mapema nilikwenda karakana. Mjomba alisikiliza yote, akakata shauri la mtu mzima: vitambaa, msasa, vumbi, vyote vichomwe moto nyuma ya karakana, mambo yaishe. Kiberiti kilikuwa mkononi mwake. Yule Mwingereza alikuwa amenionya juu ya hilo hasa, akanitajia Dalgety Bay.

Mahali hapo pako pwani ya Fife, Scotland. Jirani yake palikuwa na kituo cha ndege cha Donibristle, na vita ilipokwisha ndege nyingi zilikatwakatwa pale. Vipimo vyake vilichomwa moto pamoja na takataka nyingine, na majivu yakamwagwa ufukweni. Baadaye mji ukajengwa juu na kando yake, watoto wakacheza kwenye mchanga ule. Mwaka 1990 wapimaji wakakuta chembe za mionzi ufukweni, na kila bahari ilipoumega udongo ziliibuka nyingine. Kazi ya kusafisha ufuko ule ilikamilika mwaka 2023. Moto hauunguzi radiamu. Huondoa mbao na kitambaa vilivyoifunika, ukaiacha ndani ya majivu na moshi, tayari kwenda popote upepo unapokwenda. Na karakana ya mjomba haiko mbali na Mto Themi, ambao maji yake watu humwagilia mboga.

Mjomba akarudisha kiberiti mfukoni.

Tukawapigia simu wataalamu wa mionzi, nao wakaja na kipimo chao. Kilikuwa kimya mlangoni, kikaanza kulia kilipokaribia meza, na juu ya mkeka wa Dogo chumba cha nyuma kikalia pia, maana nguo alizofanyia kazi ndizo alizolalia. Meza ya mninga ya mjomba, ambayo aliirithi kwa aliyemfundisha kazi, ilichukuliwa. Mkeka ulichukuliwa, nguo, visu, brashi, na geji zote saba. Dogo alipimwa. Walimweleza kwa upole kwamba alichokigusa ni kidogo ukilinganisha na wale wasichana waliofanya kazi ile kila siku kwa miaka, na kwamba aendelee kufuatiliwa. Leo ana afya njema na amehamia kazi ya kufunga paneli za jua. Lakini madhara ya radiamu huchukua miaka mingi kujitokeza, na hakuna aliyeweza kumwahidi chochote kuhusu miaka ishirini ijayo. Kila nikimwona anakohoa, moyo wangu hushtuka.

Hatukuuza kitu. Hata zile geji tatu zenye namba hazikuuzika, kwa kuwa chombo chenye radiamu hakitumwi kama kifurushi cha kahawa; kinahitaji vibali na ufungaji wake maalumu. Nilipanda daladala mpaka Usa River kumweleza mzee. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakupandisha sauti.

"Ungeniambia hujui, mwanangu," alisema, "ningekuelewa."

Najua geji kama zile bado zipo. Zipo kwenye stoo za mashamba ya zamani ya Usa River, Tengeru na Oldeani, kwenye makabati ya wastaafu, kwenye vibanda vya vyuma chakavu, na wakati mwingine ukutani kwenye hoteli kama pambo. Ndugu msomaji, ukiikuta moja, usiifungue na usiisugue. Pigia picha mgongo wake, taji na namba, pamoja na sanduku, kitambaa na kila kikaratasi kilichofungwa nayo. Andika jina la mahali ilipotoka na la aliyeileta. Kisha iweke ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, mbali na chumba cha kulala na mikono ya watoto, unawe kwa sabuni. Anayesimamia vitu hivi kwa sheria ya mwaka 2003 ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na kwa sisi wa Themi maabara yake iko hapo Njiro, jirani kabisa. Wapigie wewe kwanza, kabla kijana wako hajashika msasa.